Masasi yasilale katikati ya watu

Wana Bukavu, na ninyi wa Goma, Uvira na Lubumbashi mnaopitaga hapa kusoma, leo nataka tuongelee kitu tunachokipita kila siku juu ya pikipiki bila hata kugeuza kichwa, ni ile stoo ya masasi iliyo ndani ya kambi, na kambi yenyewe iko ndani ya mji. Sisi tukiongelea jeshi tunauliza nani amesonga mbele, nani amerudi nyuma, nani amepewa cheo, mishahara imefika ao bado. Mimi nina swali lingine na linaninyima usingizi tangu muda: yale mabomu yanalala wapi usiku, na kutoka pale mpaka kitanda cha mtoto wako ni mita ngapi?

Bukavu mnaijua. Milima, mabonde, rasi tano zinaingia ziwani, na watu wamejenga mpaka mahali ambapo mbuzi anaogopa kusimama. Kambi Saio iko ndani ya huo mji, si nje. Jina lenyewe linatoka mbali, Saio ni mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique, jeshi la Congo la wakati wa ukoloni, wakubwa wetu hao, waliwashinda Waitaliano mwezi wa 7 mwaka 1941, na wakati ule huku kwetu paliitwa Costermansville, mji mdogo wa maua na nyumba za kuhesabika. Leo komini zetu Ibanda, Kadutu na Bagira zimejaa mpaka ukikohoa jirani anakujibu pole. Kambi haikutembea, ni sisi tuliosogea. Lakini watu wakishasogea mtu wa kuhamisha hatari si mama anayeuza sambaza, ni Leta, ni kusema serikali.

Wengine watasema naleta woga bure. Basi tuangalie yaliyotokea kwa majirani na kwetu wenyewe, maana hii si hadithi.

Tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2012, siku ya Mungu asubuhi, stoo ya kambi ya Mpila ililipuka Brazzaville. Yaya yangu alikuwa anaishi Kinshasa wakati ule, ngambo ya pili ya mto, akatuambia kwa simu kwamba nyumba ilitikisika na vioo vya majirani vikaanguka na yeye akafikiri vita imeanza, akawaweka watoto chini ya meza. Na huyo alikuwa nchi nyingine kabisa! Kule Brazzaville kwenyewe watu karibu 300 walikufa, zaidi ya 2,000 wakaumia, maelfu wakabaki bila nyumba, na kanisa moja liliwaangukia wakristu waliokuwa ndani ya misa. Serikali ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Shoti ya umeme, kitu ambacho kwetu tunakiona kila wiki, waya zimefungwa na nailoni, ndiyo ilibomoa kartie nzima ya mji mkuu.

Kwetu Congo pia iko. Mwezi wa 4 mwaka 2000 moto ulishika hanga iliyokuwa na silaha kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa, karibu watu 100 wakafa. Mwezi wa kwanza 2014 radi ilipiga stoo ya masasi ya jeshi Mbuji-Mayi, zaidi ya watu 20 wakaenda. Radi tu, hakuna adui, hakuna muasi, mvua ilikuwa inanyesha na watu wako manyumbani mwao.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaikumbuka Mbagala, tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka 2009, na kabla ya miaka miwili kutimia ikaja Gongo la Mboto, tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 2011, mara zote mbili walikufa zaidi ya 20 na watu wakakimbia bila kujua mtoto yuko wapi. Jeshi la Tanzania ni jeshi lenye nidhamu, halikuwa vitani pale, na bado ilitokea mara mbili ndani ya mji mmoja. Lagos mwaka 2002 ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, moto wa karibu na kambi ya Ikeja uliingia stoo, na zaidi ya watu 1,000 walikufa, wengi wao hawakufa kwa bomu hata kidogo, walikimbia gizani wakaingia ndani ya mfereji wa maji wakazama, watoto na mama zao. Kila nikifikiria ile ya Lagos nafikiria ngazi na njia zetu za Kadutu, zile za kupita mtu mmoja mmoja, na mteremko chini yake.

Na Bata, Guinea ya Ikweta, mwezi wa 3 mwaka 2021, zaidi ya 100 walikufa. Wakubwa wa kule walisema ni uzembe wa kutunza baruti pamoja na wakulima waliokuwa wanachoma majani karibu na kambi. Watu wanaofuatilia hii mambo duniani wamehesabu milipuko ya namna hii zaidi ya 600 tangu mwaka 1979, ndani ya nchi zaidi ya 100. Kwa hiyo mtu asikuambie ni bahati mbaya, ni kitu kinachojulikana, kina sababu zake na kina dawa yake.

Sababu yenyewe inafaa kueleweka kwa sababu watu wengi wanafikiri bomu ni kama jiwe, ukiliacha linabaki vile vile. Hapana. Ile baruti inayosukuma risasi ao kombora inaoza polepole, na wakati inaoza inatoa joto na gesi, njo maana kiwandani wanachanganya ndani yake dawa ya kuituliza. Hiyo dawa inaisha na miaka, na mahali pa joto inaisha haraka zaidi. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe, usiku, bila mtu, bila kiberiti. Kwa hiyo kila sanduku linatakiwa kuwa na tarehe yake na kundi lake, na mara kwa mara mtaalamu achukue kidogo apime, na yaliyozeeka yatoke yakaharibiwe mbali na watu kwa utaratibu. Tena vile vichwa vya kulipulia, vinavyowasha bomu, havitakiwi kulala chumba kimoja na makombora, kila aina na nyumba yake. Sasa fikiria masanduku ya tangu Zaire, na mengine yaliyonyang'anywa kwa makundi ya porini bila karatasi yoyote, yote chini ya bati moja linalochemka mchana. Mtu anayejua kazi hiyo akiona stoo ya namna ile hataki hata kusimama mlangoni.

Kitu kilichonishangaza zaidi nilipoanza kusoma hii mambo ni kwamba umbali wa salama si maneno ya kukisia, uko na hesabu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake wa kutunza masasi na mabomu mwaka 2011, na ndani yake kuna kanuni ambayo majeshi makubwa yalikuwa yanaitumia tangu zamani. Kwa mali inayoweza kulipuka yote kwa pigo moja, unachukua kilo za baruti, unatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara tatu inakupa zile kilo, halafu unazidisha na 22.2, unapata mita ambazo nyumba ya kwanza ya raia inatakiwa kuwa mbali. Kilo 1,000, namba yake ni 10 (10 × 10 × 10), basi mita 222. Kilo 8,000 ni mita 444. Tani 1,000 ni zaidi ya kilomita 2. Na hata pale kwenye umbali huo vioo vinaweza kuvunjika bado, wanachohesabu tu ni kwamba nyumba haitakuangukia.

Chukua ile ya kilo 8,000, ambayo kwa jeshi si kitu, ni mzigo wa lori moja. Mita 444 pande zote kutoka mlango wa stoo ni eneo la zaidi ya hekta 60. Sasa wewe simama mahali popote ndani ya Bukavu, chora hiyo duara kwa kichwa chako, uhesabu paseli, shule, kanisa, santé, soko, maboutique. Hautamaliza kuhesabu. Na hiyo hesabu imetengenezwa kwa nyumba za kawaida zenye ukuta, haikufikiria mbao na bati zilizosimama juu ya mteremko ambao mvua peke yake inaubomoa.

Na hatari tatu zilizoua kwa wengine, zote sisi tunazo. Moto: kila mwaka Kadutu inaungua, nyumba za mbao zinashikana mikono, moto unaruka kutoka avenyu moja mpaka nyingine na gari ya kuzima haina hata njia ya kupita. Radi: utafiti wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliweka mashariki ya Congo nafasi ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi, na ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kila mzazi wa huku anajua watoto waliopigwa na radi darasani, haihitaji setilaiti. Na ardhi yenyewe inatikisika, tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 tulitikiswa na tetemeko la karibu 6, siku ya Mungu vilevile, makanisa yakaanguka. Mbuji-Mayi haina volkano wala bonde la ufa, radi moja ilitosha.

Sasa nije kwenye ile wanaita majukumu ya kimataifa ya jeshi, maana watu wakisikia hilo neno wanafikiri kofia za bluu, kutuma askari nchi ya watu, kupiga saluti mbele ya majenerali wa kigeni. Mimi naona jukumu la kwanza la kimataifa liko pale pale kwenye ukuta wa kambi, kwa mama anayeanika nguo upande wa pili. Karatasi zinasema hivyo. Mapatano ya Geneva yaliongezewa itifaki mwaka 1977, Zaire ya wakati ule ikaingia mwaka 1982, na kifungu chake cha 58 kinasema pande zinazopigana zijitahidi kwa kadiri inavyowezekana kutoweka vitu vya kijeshi ndani ao karibu na mahali penye watu wengi. Ni wazi. Kinamfunga anayetetea mji, si anayeushambulia tu. Tumezoea kulaani anayerusha bomu, na tuna haki, lakini sheria inamwuliza pia aliyeweka stoo yake nyuma ya shule.

Halafu kuna Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo, Congo iko ndani, na kuna mapatano ya Afrika ya kati yaliyokubaliwa Kinshasa kwenyewe mwezi wa 4 mwaka 2010 na kuanza kazi 2017, yanabeba jina la mji mkuu wetu! Yote yanaongelea kuweka alama kwenye silaha, kuandika kila kitu ndani ya daftari, kulinda stoo. Mwezi wa 12 mwaka 2022 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa lile sharti la kwamba nchi inayotaka kuiuzia Congo silaha itoe taarifa kwanza, watu walishangilia sana huku, mimi pia nilifurahi kwa sababu nchi huru inahitaji kujilinda. Lakini ndani ya azimio lile lile Baraza liliitaka serikali ieleze namna inavyotunza, inavyotia alama na inavyolinda silaha zake. Hiyo nusu ya pili hakuna aliyeicheza muziki. Ukipewa ruhusa ya kununua zaidi, umepewa na kazi ya kutunza zaidi.

Kitu cha mwezi wa 2 mwaka 2025 ni kigumu kuandika lakini siwezi kuandika Saio bila kukigusa. Askari wa serikali walipotoka Bukavu, kabla waasi wa M23 hawajaingia, kambi ilibaki wazi. Silaha zilikuwa pale. Watoto waliingia, vijana wa miaka ya kucheza mpira, wakatoka na bunduki, na kwa siku hizo masasi yalikuwa yanapigwa hewani kila mahali na stoo za vyakula zinaporwa. Halafu ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema imethibitisha watoto waliouawa na M23 baada ya kuingia mjini, watoto waliokuwa na silaha mkononi. Wale ni watoto wetu. Aliyewapiga ana hesabu yake mbele ya sheria na mbele ya Mungu, hiyo haipungui hata kidogo. Lakini mlango wa stoo uliachwa wazi na watu wenye funguo, na hilo nalo lina jina lake, ni kutotimiza kazi. Jeshi linalorudi nyuma linabeba silaha yake, ao linaiharibu mahali pasipo watu, ao linaacha timu ya mwisho inayolinda mpaka dakika ya mwisho. Hiyo inafundishwa ndani ya kila shule ya kijeshi, si mimi raia ninayeibuni. Na yeyote anayeshika kambi leo, na atakayeishika kesho, hesabu ya mita inamhusu vile vile, baruti haiulizi bendera.

Niliongea haya na mzee mmoja wa parokia yetu, alikuwa askari wakati wa Mobutu, mtu wa heshima sana. Alinisikiliza vizuri halafu akaniambia, "Mtoto yangu, askari bila masasi karibu ni mtu tu amevaa nguo ya kijani. Ukipeleka stoo kilomita 20, adui akija saa nane ya usiku tutapigana na nini, na filimbi?" Nilimwambia, "Papa, na heshima zote, hamkuwa na masasi ya zamu na masasi ya stoo?" Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, walikuwa na sanduku za zamu, chache, kila moja imesainiwa, na stoo kubwa ilikuwa kitu kingine. Basi, Papa, njo hiyo tu tunayoomba. Masasi ya bunduki ya askari wa zamu yabaki kambini, ndani ya chumba kidogo chenye kufuli mbili, hayo hata yakishika moto yanapasuka moja moja, hayabomoi kartie. Makombora, roketi, mabomu ya mortier, vile vyote vya kulipuka kwa pamoja, viende mahali pa wazi, vyumba vilivyotenganishwa na kuta za udongo katikati, na kifaa cha kupokea radi juu yake. Mzee alikubali. Aliongeza kitu kimoja ambacho sikukiwaza, akasema wake na watoto wa askari wanalala ndani ya kambi, wao ndio wangekufa wa kwanza, na hakuna mtu anayewahesabu. Ni kweli kabisa, na nilipaswa kuanza nao.

Feza itapatikana wapi, watauliza. Najua mishahara ya askari haitoshi. Lakini kuhesabu masanduku na kutenga vichwa vya kulipulia na makombora haihitaji milioni, inahitaji daftari na mtu aliyefundishwa. Kufyeka majani kuzunguka stoo haihitaji milioni. Kukataza mtu asipike mkaa wala kuvuta sigara karibu haihitaji milioni. Kazi kubwa ya kujenga mahali papya ndiyo inahitaji, na kuna timu za Umoja wa Mataifa na mashirika ya kutegua mabomu yaliyokwisha fanya hiyo kazi na majeshi ya Afrika, mwaka 2023 dunia ilikubaliana tena New York mfumo wa kutunza masasi tangu yanatoka kiwandani mpaka yanapoharibiwa. Msaada wa namna ile unaombwa. Wabunge wetu wanaouliza kila mwaka juu ya barabara wanaweza kuuliza na hii, hawaombi siri za vita, wanauliza tu: kuna kilo ngapi katikati ya watu, na nyumba ya kwanza iko mita ngapi?

Wakati tunangoja majibu, mambo ya kufanya sisi wenyewe, na tafazali muwaambie wa nyumbani. Ukisikia mlipuko mkubwa ao ukiona mwanga wa ajabu upande wa kambi, usiende dirishani kuangalia wala kupiga video, mlipuko wa pili unaweza kuwa mkubwa kuliko wa kwanza na kioo kinaingia machoni. Lala chini, mbali na dirisha, nyuma ya ukuta, funika kichwa cha mtoto. Kukinyamaza, ondokeni kwa miguu mkienda mbali na moshi, mkubaliane kabla, leo jioni, ni njia gani na mtakutana wapi, msikimbilie ziwani wala mtoni. Usirudi siku hiyo kutafuta vitu. Na siku zinazofuata, chuma chochote kigeni kwenye shamba, kwenye mtaro, kwenye paseli, usikiguse, usikipige jiwe, usikirushe majini, usikiuze na vyuma chakavu. Weka alama ya kijiti ao kitambaa kwa mbali, zuia watoto, mwambie shefu wa avenyu ao nyumbakumi. Watoto wanapenda kuokota yale maganda ya shaba kwa sababu yanauzwa, kwa hiyo kumgombeza mtoto haitoshi, ongeeni na yule anayenunua.